Kidonda cha Mdomoni: Hesabu Wiki Mbili

Leo tunazungumzia vidonda vya mdomoni.

Mzee mmoja alikuja kituoni akiwa na kidonda ubavuni mwa ulimi. Alikuwa amekificha miezi mitatu kwa kuwa jirani alimwambia ni saratani. Tulipomulika tochi, tuliona jino lililovunjika likikwaruza pale pale. Daktari wa meno alilisawazisha jino hilo, akamwambia arudi baada ya wiki mbili. Aliporudi, kidonda kilikuwa kimepona.

Je, utatofautishaje?

Kidonda cha kawaida huwa kidogo na cha mviringo, cheupe au cha manjano katikati na chekundu pembeni. Huuma sana, hasa ukila pilipili au ndimu, lakini hupona chenyewe kwa siku 7 hadi 14. Kidonda cha kuumizwa na jino au meno ya bandia nacho hupona, mradi kinachokiumiza kiondolewe.

Kidonda cha saratani hakiponi. Mara nyingi mwanzoni hakiumi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kingo zake huweza kuwa ngumu na zilizoinuka. Dalili nyingine ni doa jeupe au jekundu lisilotoka, uvimbe shingoni, na taabu ya kumeza. Walio hatarini zaidi ni wavutaji sigara, watafunaji wa tumbaku au kuberi, na wanywaji wa pombe.

Hata hivyo, kwa macho pekee hata sisi wahudumu hatuwezi kuwa na hakika. Kwa hivyo, hesabu siku. Wiki mbili zikipita bila kupona, nenda hospitali. Huenda ukapimwa damu, kwani upungufu wa damu, kaswende na virusi vya UKIMWI pia huweza kuleta vidonda. Ikibidi, daktari atakutia ganzi na kukata kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara. Hicho ndicho kipimo cha kuthibitisha. Usikiogope; hakisambazi saratani.

Ukiwa nyumbani, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Usiweke aspirini juu ya kidonda, kwa maana huunguza.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Saratani ya mdomo ikigunduliwa mapema hutibika. Chukua kioo leo, ujitazame. Kwaheri hadi wiki ijayo.