Kabla ya Kununua Dispensa, Uliza Maji Yatalala Wapi

Ukifungua bomba la dispensa ya ofisini, muda si mrefu kiputo kikubwa hupanda ndani ya chupa iliyopinduliwa, na maji hutikisika kwa mlio anaoujua kila mfanyakazi. Chupa ile ni ngumu, haisinyai, kwa hiyo maji hayawezi kushuka mpaka hewa ipande kujaza nafasi yake. Hewa yenyewe hutoka chumbani humo humo: ina vumbi la barabarani, chembe za mate ya mwenye mafua, na vijidudu ambavyo feni huvizungusha mchana kutwa. Glasi moja ya maji ikitoka, glasi moja ya hewa huingia. Baadhi ya dispensa zina kichujio kidogo cha hewa kwenye njia hiyo. Nyingi za bei ya chini hazina.

Hewa na maji hukutana kwenye kitenki kilichofichwa chini ya chupa. Hapo ndipo maji hulala. Ofisi ikifungwa Ijumaa jioni, yaliyomo hukaa humo hadi Jumatatu, na umeme ukikatika katikati, ubaridi hupotea na maji hufikia joto la chumba. Bakteria wachache walioingia na hewa, au waliotoka kwenye mikono ya aliyepachika chupa, hujishikiza kwenye kuta za kitenki, hutoa ute na kujenga utando mwembamba unaoteleza. Ndani ya ute huo wanajikinga: maji yanayopita hayawang'oi, na hata klorini huwafikia kwa shida. Watafiti wamekuta mara kwa mara kwamba maji yanayotoka bombani mwa dispensa yana bakteria wengi kuliko yalivyokuwa ndani ya chupa. Wengi wa bakteria hao hawamdhuru mtu mwenye afya njema. Lakini miongoni mwao huweza kuwamo Pseudomonas aeruginosa, anayependa sana sehemu zenye majimaji, na ambaye kwa mtu mwenye kinga dhaifu ni hatari. Ofisini hatujui nani anaumwa nini, wala haitupasi kuulizana.

Nimeanza na kitenki kwa sababu mnunuzi huwa hakioni kabisa. Dukani macho huvutwa na rangi, idadi ya mabomba, taa za buluu na kabati la baridi lililowekwa chini. Ninachoshikilia ni kwamba usalama wa dispensa huamuliwa na mambo mawili ambayo hayaandikwi kwenye boksi: maji yanakotoka, na kama mkono wa mtu unaweza kufika ndani yanamolala.

Tuanze na yanakotoka. Jengo la Dar es Salaam linalopata maji ya mamlaka ya maji ya jiji, DAWASA, kutoka Mto Ruvu hupata maji yaliyokwisha kutibiwa na kutiwa klorini. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yamfikie mtumiaji yakiwa bado na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, kama akiba ya kupambana na uchafu wa njiani. Shida huanzia baada ya mita. Maji hupandishwa kwenye tenki la juu ya paa, hukaa juani, klorini hupungua siku hadi siku, na kama mfuniko umepasuka, popo na panya huingia. Siku maji yakikatika huitwa boza, na hapo hakuna ajuaye limechotwa wapi. Kwa jengo la namna hii kinachotakiwa ni kifaa cha kuua au kuzuia vijidudu, na pengine cha kuondoa harufu.

Jengo lenye kisima karibu na bahari lina tatizo la namna nyingine, chumvi. Vichujio vya kawaida vya mkaa haviigusi. Na ukienda Arusha, au Nakuru, au kwenye baadhi ya visima virefu vya Nairobi, utakutana na floraidi, madini yatokayo kwenye miamba ya volkano za Bonde la Ufa. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi ikizidi sana na mtu akayanywa maji hayo miaka mingi, meno hugeuka kahawia na mifupa huharibika. Kuchemsha hakusaidii: maji hugeuka mvuke na kupungua, floraidi hubaki palepale, ikawa nyingi zaidi katika kila lita. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuiondoa kwa kutumia mkaa wa mifupa ya mifugo, ambao huinasa. Mkaa wa kawaida wa dispensa hauna uwezo huo. Kwa hiyo kabla ya kulipia mashine, peleka sampuli ya maji ya jengo lako maabara. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kununua kitu kisichohusiana na tatizo ulilonalo.

Ofisi nyingi sasa zinaacha chupa kubwa na kuchukua dispensa inayounganishwa moja kwa moja na bomba. Naiunga mkono hatua hiyo, maana hakuna tena mtu wa kunyanyua kilo 20 hadi kifuani, wala chupa zilizoanikwa juani nje ya duka hadi maji yakawa ya kijani kwa mwani. Lakini lazima ujue kilichomo ndani. Mkaa, uliotengenezwa uwe na vitundu vingi mno visivyoonekana, hunasa klorini na harufu, na maji huwa matamu kinywani. Hapo hapo huyavua maji kinga yake. Kuanzia kwenye mkaa kwenda mbele hakuna klorini, na mkaa wenyewe, ukichelewa kubadilishwa, huwa makazi ya bakteria. Ndiyo sababu baada ya mkaa panahitajika kizuizi kingine, tena kiwe karibu na bomba kadiri iwezekanavyo.

Kizuizi hicho kinaweza kuwa utando wenye vitundu. Bakteria wengi wana urefu wa kati ya mikromita 0.5 na 5, na utando wa kuchuja wenye vitundu vya mikromita 0.01 hadi 0.1 huwazuia bila kuondoa madini. Utando wa osmosisi, ambao mafundi huuita RO, una vitundu vidogo zaidi ya hapo. Huzuia hata chumvi na floraidi, lakini mashine ndogo za aina hii humwaga lita mbili, tatu au zaidi kwa kila lita moja inayonyweka. Kwa maji ya kisima chenye chumvi au floraidi gharama hiyo ina sababu, na maji yanayomwagwa yanaweza kukusanywa yakatumika kupigia deki. Kwa maji laini ya Ruvu ni upotevu. Kizuizi kingine ni taa ya miale ya urujuanimno. Mwanga wake wa nanomita 254 hugandamanisha herufi zinazopakana ndani ya DNA ya kijidudu, kikashindwa kujinakili na hivyo kushindwa kuzaana. Maji yakiwa na tope, bakteria hujificha kwenye kivuli cha chembe. Taa nayo huendelea kuwaka buluu hata nguvu yake ya kuua ikiwa imeshapungua, ndiyo maana hubadilishwa baada ya takriban saa 9,000, yaani kama mwaka mzima. Uliza pia umeme ukikatika inakuwaje: mashine nzuri hufunga njia ya maji, mbovu huyapitisha gizani.

Kuna onyesho moja la wauzaji ambalo hunikera, maana linawatisha watu bure. Muuzaji huchukua glasi mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya mashine yake, akatumbukiza vijiti vya chuma vilivyounganishwa na umeme. Ya bomba hugeuka kahawia na kutoa mapovu machafu, ya mashine hubaki meupe. Rangi ile ni kutu ya vijiti vyenyewe. Maji yenye madini hupitisha umeme, chuma kikaliwa na kumomonyoka. Maji yaliyoondolewa madini hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo chuma hubaki salama. Tia chumvi kidogo ya mezani kwenye ile glasi ya pili, nayo itageuka kahawia mbele ya macho yako. Vivyo hivyo kile kipimo cha mkononi chenye tarakimu: hukadiria chumvi na madini yaliyoyeyuka, hakihesabu hata bakteria mmoja. Maji yenye vimelea vya kipindupindu yanaweza kuonyesha namba nzuri kabisa.

Kuhusu kupoza, dispensa ni za aina mbili, na tofauti yake huonekana mwezi wa Februari. Zenye kompresa hufanya kazi kama friji. Za bei nafuu hutumia kipande kidogo kilichojengwa juu ya ugunduzi wa Mfaransa Jean Peltier wa mwaka 1834: umeme ukipita kwenye maungio ya metali mbili tofauti, upande mmoja hupoa na mwingine hupata moto. Kazi yake ni rahisi kuipigia hesabu. Kushusha lita moja kutoka nyuzi 30 hadi 10 kunahitaji kuondoa joto la kilojuli 84 hivi. Kipande kinachoondoa joto kwa kasi ya wati 20 kitachukua saa moja na dakika kumi. Kompresa inayoondoa wati 150 itamaliza ndani ya dakika kumi. Chumba cha watu wanne kinatoshwa na cha kwanza. Watu 30 wanaotoka kwenye kikao saa saba mchana watakunywa maji ya uvuguvugu.

Na isidharauliwe njia ya mtungi. Maji yanayovuja taratibu kwenye udongo hugeuka mvuke, na kila gramu moja huondoka na juli zipatazo 2,400. Gramu 17 tu zikitoka zinatosha kushusha lita moja kwa nyuzi 10. Dodoma wakati wa kiangazi, penye upepo mkavu, mtungi hupoza vizuri bila senti ya umeme. Dar es Salaam hewa imeshashiba unyevu, hivyo hufanya kazi kwa unyonge.

Hesabu ya kiasi ifanywe kwa kazi halisi ya watu. Mhasibu aliyekaa kwenye kiyoyozi atatosheka na lita moja na nusu hivi kwa siku ya kazi. Fundi wa gereji au mpakuzi wa mizigo anayefanya kazi nzito kwenye joto hushauriwa kunywa kama robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20. Dispensa iliyowekwa ghorofani mlangoni mwa meneja haimsaidii kitu. Sheria ya usalama na afya kazini ya Tanzania ya mwaka 2003, na ya Kenya ya mwaka 2007, zote zinamtaka mwajiri atoe maji salama ya kunywa, na aliye juani ndiye mwenye haja kubwa zaidi.

Bado kuna usafishaji. Dukani mwombe muuzaji afungue sehemu ya juu, nawe utie mkono. Kama ngumi yako haiingii kwenye kitenki, hakuna atakayekisugua. Tafuta pia tundu la nyuma la kumwagia maji ya tenki la moto, kwani bila hilo mabaki ya chokaa hayatoki. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi penye watu wengi, chomoa mashine kwenye umeme, acha ipoe, mwaga maji yote. Sugua, kisha jaza maji yaliyotiwa dawa ya klorini isiyo na manukato: ikiwa ya nguvu ya asilimia 3.5, mililita 15 kwa lita 10 zinatosha. Yapitishe kwenye kila bomba, yaache dakika kumi na tano, mwaga, suuza mpaka harufu iishe. Usiwashe umeme kabla tenki la moto halijajaa, kipashio kitaungua. Midomo ya mabomba ifutwe kila siku, kwa sababu hapo ndipo chupa zetu za mkononi, zilizotoka vinywani, hugusa.

Kazi hii mara nyingi huachiwa mhudumu wa ofisi bila dawa, bila brashi, bila muda. Ipangiwe fungu lake kwenye bajeti siku ileile mashine inaponunuliwa, pamoja na bei ya vichujio vya mwaka mzima, maana kuna dispensa zinazouzwa rahisi ambazo vichujio vyake havipatikani mjini baada ya miezi sita.