Chemchemi ya Mbwa Katika Bustani ya Jiji

Mtoto wako akishikwa na kiu atakuambia. Mbwa wako hana kauli. Atatoa ulimi na kuhema, na asipopata mwenye huruma ataramba maji ya mtaroni.

Katikati ya jiji la Toronto, nchini Kanada, ipo bustani ndogo iitwayo Berczy ambamo kiu hiyo imekumbukwa. Bustani hiyo ilifunguliwa upya mwaka 2017, ikiwa na chemchemi iliyobuniwa na Claude Cormier, msanifu mashuhuri wa mandhari aliyefariki mwaka 2023. Wamepangwa humo mbwa 27 wa chuma, wakubwa kwa wadogo, wakirusha maji kwa vinywa vyao. Kileleni umewekwa mfupa wa rangi ya dhahabu, nao wanautazama kwa uchu. Paka yumo mmoja tu, naye hana habari na mfupa. Amewakodolea macho sanamu za ndege wawili.

Watoto hucheka wakiona vituko hivyo. Lakini sanamu hizo hazikuwekwa kwa kuchekesha tu. Chini yake pana maji kwa ajili ya mbwa walio hai, yaliyowekwa kwa kimo cha vinywa vyao. Wakazi wengi wa maghorofa ya jirani hawana ua, na hapo ndipo wanapowatembeza wanyama wao.

Labda utauliza: je, ni haki kumjengea mbwa chemchemi ilhali wapo binadamu wanaopanga foleni bombani? Swali hilo ni halali. Tutazame London. Mwaka 1859 kiliundwa huko chama cha kuwapatia watu maji safi ya bure barabarani. Mwaka 1867 chama hicho kiliongeza wanyama katika jina lake, kikajenga mabirika ya mawe ya kuwanyweshea. Baadhi ya mabirika hayo yapo hadi leo, yamepandwa maua. Binadamu alitangulia, mnyama akafuata, wala hakuna aliyemnyang'anya mwenzake.

Nyumbani kwako hapahitajiwi sanamu wala dhahabu. Tafuta bakuli pana na zito lisilopinduka, uliweke kivulini. Lisuguliwe na maji yabadilishwe kila siku, ili mbu wasipate pa kuzaliana. Kazi hiyo mkabidhi mwanao. Mtoto aliyezoea kutambua kiu ya asiyeweza kusema hatakuwa kiziwi kwa jirani anayelia.