Unapoingia Majini Matema, Simu Yako Inabaki na Nani?

Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Nyasa haufiki hata mita 500. Ndiyo maana Costa inayoondoka Mwanjelwa alfajiri hujaa watu wenye majaketi na masweta, ikapita kwenye ukungu wa Kiwira na mvua ya Tukuyu, na ikianza kuteremka kuelekea Kyela nguo zikavuliwa moja baada ya nyingine. Kufika Matema, kila abiria ana furushi mkononi. Furushi linatupwa chini ya mwembe, simu inafichwa katikati ya sweta, na watu wanakimbilia majini.

Hapo kibaka hahitaji ufundi wowote. Anakaa pembeni kama mtu anayepunga upepo, anatazama nani ameinama na ameficha nini wapi, kisha anasubiri kelele za majini zipambe moto. Simu iliyosukumwa hadi kwenye ncha ya kiatu na kuzibwa kwa soksi ndiyo ya kwanza kuchukuliwa, kwa sababu maficho hayo kila mtu anayajua. Siwasingizii wenyeji wa Matema, ambao wengi wao ni wavuvi, wakulima na wauza vyungu wenye shughuli zao. Lakini Pasaka au sikukuu ya Nane Nane ufuko hujaa wageni wasiojuana, na mgeni akipita na mfuko mkononi hakuna anayemuuliza ni wa nani.

Wanaotoka Iringa wako hatarini zaidi. Safari yao inazidi kilomita 300 kabla hata ya kukata kona Uyole kuelekea Tukuyu, kwa hiyo wengi hulala njiani. Wanabeba chaja, pawabenki, nguo za kubadilisha, fedha ya chakula ya siku mbili na vitambulisho vyote. Kikundi cha wanafunzi wa chuo kikishuka kwenye gari, mizigo yao peke yake ni duka.

Simu ndiyo inayoibwa mara nyingi, nayo ina thamani mbili tofauti. Kuna kifaa chenyewe, ambacho kinaumiza kukipoteza lakini bei yake inajulikana. Halafu kuna laini iliyomo ndani, na hasara ya laini haina kikomo unachoweza kukikadiria. Laini hiyo imebeba M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas. Ndiyo inayopokea namba za uthibitisho za benki, ndiyo iliyofunguliwa WhatsApp, na ndiyo inayoweza kukopa Songesha kwa jina lako. Mwizi akitoa kadi ya laini na kuiweka kwenye simu yake, lile neno la siri la kioo ulilolitegemea halimzuii tena. Ujumbe wote unaotumwa kwa namba yako unamfikia yeye. Akifanikiwa kufungua WhatsApp yako, shangazi yako Makambako ataombwa atume hela kwa namba nyingine, na atatuma, kwa sababu ombi limetoka kwako.

Kinga ya hilo ipo bure na wachache sana wanaitumia. Ndani ya mipangilio ya simu, sehemu ya usalama, kuna nafasi ya kuifunga kadi ya laini kwa namba yake ya siri. Ukishaifunga, kadi ikihamishiwa kwenye simu nyingine haifanyi kazi mpaka namba hiyo iingizwe. Usikisie namba ya kuanzia. Ukikosea mara tatu laini inajifunga hadi upate namba ya PUK, kwa hiyo waulize kwanza huduma kwa wateja wa mtandao wako, kisha uweke namba yako mwenyewe. Fanya hivyo siku mbili tatu kabla ya safari, ukiwa na utulivu. Kwenye WhatsApp washa uthibitisho wa hatua mbili, ule wenye namba sita. Namba ya siri ya fedha isifanane na mwaka wako wa kuzaliwa, maana mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho.

Kitambulisho hicho nacho kina mahali pake. Tangu Januari 2020, laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa nchini, na namba ya NIDA yenye tarakimu 20 imekuwa ndiyo utambulisho wetu kila tunakokwenda. Watu wengi huweka kadi ya NIDA nyuma ya kava la simu, au hupiga picha yake na kuiacha kwenye simu. Anayeiba simu hiyo anapata laini pamoja na majibu ya maswali ambayo mhudumu wa mtandao angemuuliza mwenye laini. Kyela ni wilaya ya mpakani, kitambulisho ni lazima ubebe. Kibebe mfuko mwingine, mbali na simu.

Kwa maoni yangu, njia bora kuliko zote ni kubeba vichache. Familia ya watu sita inaenda Matema na simu janja tano, na zote zinalindwa kwa wakati mmoja, yaani hazilindwi. Beba moja ya kupigia picha, wengine waende na kitochi. Laini yenye fedha nyingi ibaki nyumbani, au salio kubwa lihamishwe kabla ya safari. Samaki na soda lipieni kabla ya kuingia majini, mkiwa mmevaa na mnaona mazingira, kwa sababu anayebonyeza namba ya siri huku maji yanamtiririka usoni hajui nani amesimama nyuma yake. Pete ya ndoa ivulie nyumbani. Kidole kikilowa, na hasa kikiwa kimepakwa mafuta ya jua, pete huteleza, na mawimbi yakishaifukia mchangani haionekani tena.

Bibi zetu walifunga noti kwenye pindo la kanga na hawakuibiwa, kwa sababu fedha ilikuwa mwilini mwao muda wote. Mifuko ya plastiki ya kuvaa shingoni inafanya kazi hiyohiyo, mradi uijaribu kwanza. Weka karatasi kavu ya chooni ndani, funga, izamishe kwenye ndoo kwa nusu saa ukiiwekea jiwe juu. Karatasi ikitoka na hata doa moja la unyevu, mfuko huo haufai. Simu zinazotangazwa kuwa hazipitishi maji nazo zisikudanganye. Hupimwa kwenye maji yaliyotulia, na Ziwa Nyasa upepo wa kusini ukivuma lina mawimbi ya kumwangusha mtu mzima. Simu ikilowa, izime, toa kadi, usiichaji, mpelekee fundi. Kuiacha juani kwenye mchanga wa moto ni kuiharibu mara ya pili.

Kwa wanaokwenda na gari la kukodi, elewaneni na dereva mapema. Joto la Kyela humfanya afungue vioo vyote, akajilaza kivulini au akaenda kutafuta ugali. Mkimwambia asubuhi kwamba mizigo inabaki garini na yeye haondoki, na gharama ya chakula chake mkaiweka kwenye mchango, atakaa. Wenye gari binafsi wakumbuke kwamba ufunguo wa kielektroniki hauendi majini. Nyumba za wageni za pale ufukweni, ikiwemo ile ya Kilutheri, zina mapokezi. Waombe wakuwekee ufunguo kwenye bahasha, uandike jina lako na upewe hati ya makabidhiano. Wakikataa, angalau umejua.

Kama hakuna gari wala mapokezi, wekeni zamu, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Anayelinda mizigo asiwe ndiye anayeangalia watoto majini. Hizo ni kazi mbili. Aliyeambiwa afanye zote atageuka kuangalia begi kwa sekunde chache, na mtoto huzama kimya kimya, bila kupiga kelele. Pawe na mtu mzima mmoja kwenye mizigo na mwingine miguu ikiwa majini, macho kwa watoto, bila simu mkononi. Mkiwa wachache kiasi kwamba haiwezekani, achaneni na mizigo. Na msiogelee karibu na midomo ya mito, kwa sababu ya mkondo na mamba.

Ikitokea umeibiwa, fedha kwanza, simu baadaye. Azima simu ya mwenzako wa mtandao uleule, piga 100, omba laini na akaunti ya fedha vifungwe papo hapo. Wajulishe jamaa kwa njia yoyote kwamba ombi lolote la hela lipuuzwe. Jumbe za kitapeli zikitumwa, zipelekwe 15040. Ukifika mjini nenda kwa mtandao wako na alama ya kidole chako, laini itarudishwa. Halafu nenda polisi ufungue jalada na upewe namba ya RB, kwani bila hiyo huna pa kuanzia kudai chochote.

Kifaa chenyewe nacho kinaweza kufungwa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka msingi wa rejesta kuu ya namba za simu zenyewe, IMEI, na ndiyo iliyotumika Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia nchi nzima. Simu iliyoibwa ikiripotiwa kwa IMEI yake inaweza kuzuiwa kwenye mitandao yote. Tatizo ni kwamba ukishaibiwa huna tena simu ya kuisomea namba hiyo. Kwa hiyo leo, kabla hujapanga hata nauli, bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15, mara mbili kwa simu ya laini mbili. Ziandike kwenye daftari, na daftari hilo liache nyumbani.