Bahari Sebuleni: Kabla ya Samaki, Pataneni Kwanza

Kuna watu wakiingia nyumbani kwa mtu, kitu cha kwanza wanachokitazama ni tivii. Inchi ngapi, ya kampuni gani, imebandikwa ukutani au imewekwa juu ya kabati. Lakini weka sebuleni tangi la maji ya chumvi, lenye mwamba, matumbawe yanayopepea na samaki wa rangi rangi, uone kama kuna atakayeuliza habari za tivii. Ni kama mtu amekata kipande cha bahari ya Mafia akakileta ndani.

Linapendeza, sikatai. Mimi na mume wangu tunalo, na usiku taa za sebuleni zikizimwa likabaki lenyewe na mwanga wake wa bluu, hata ugomvi wa mchana unasahaulika. Ila kama wewe na mwenzi wako mnalitamani, nisikilizeni kwanza. Hili si pambo jamani. Lina njaa, lina bili, linaugua, na halijui kama leo ni sikukuu au mmenuniana. Limeshawahi kunifunza mambo kuhusu ndoa yangu ambayo hakuna kitchen party iliyonifunza.

FENSI AU SAMAKI?

Wazo lilikuwa la mume wangu. Ndiyo kwanza tumehamia kwenye nyumba yetu Kigamboni, plasta ya nje bado, fensi hakuna, geti ni ndoto. Siku hiyo akaniambia, "Mke wangu, ukuta ule wa sebuleni unafaa kabisa tangi la futi sita." Nikamjibu, "Na kiwanja kizima kinafaa fensi."

Hapo ndipo wengi wanapokosana. Mmoja ananunua kimya kimya, mwingine anakuta limeshafika, basi, kasheshe. Sisi tulichukua karatasi tukaandika kila kitu kinachohitajika. Tangi lenyewe, tukaona, ni sehemu ndogo tu ya gharama. Kuna kabati la chuma la kulibeba, pampu, taa, mashine ya kukamua uchafu, mashine ya kupoza maji, mtambo wa kuchuja maji, chumvi, vipimo, betri. Ukijumlisha, unakaribia bei ya kigari kidogo cha mtumba. Halafu kuna bili ya umeme na chumvi ya kila mwezi, ambayo haiishi.

Tukakubaliana hivi: fensi kwanza. Ikiisha, tunafungua akaunti ya tangi, kila mtu anachangia kulingana na mshahara wake, na hakuna kukopa hata senti. Ilituchukua miezi 14. Kwa hiyo siku tangi linaingia ndani, halikuwa la kwake wala la kwangu. Lilikuwa letu.

Kabla hamjaanza, kaeni mjiulize maswali matatu. Pesa hii ikitoka, ada, kodi na akiba ya dharura vinabaki salama? Hapa tunapoishi, tutakuwepo miaka mitano ijayo? Na la tatu, ambalo watu hulisahau: mmoja wetu akisafiri, mwenzake anaweza kulihudumia peke yake? Kama jibu la swali hilo ni hapana, nunueni picha ya bahari mtundike ukutani.

TANI MOJA SEBULENI

Tangi la futi sita, lenye upana na kimo cha sentimita 60, linabeba kama lita 650 likijaa. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo. Ongeza mawe, mchanga, vioo na kabati, unakaribia tani moja kwenye eneo dogo kuliko kitanda chenu. Kama mnaishi ghorofani, mtafuteni mhandisi kabla ya fundi kioo. Kama mmepanga, mwambieni mwenye nyumba mapema, tena kwa maandishi, maana kitu hicho hakihamishwi kama friji.

Liwekeni kwenye sakafu iliyonyooka, mbali na dirisha linalopigwa na jua. Jua huongeza joto na kuotesha mwani. Chini ya tangi, ndani ya kabati, huwekwa tangi la pili dogo. Maji hushuka humo, yanasafishwa, kisha pampu inayarudisha juu. Mitambo yote hujificha huko, na wageni hawaoni hata waya. Hakikisheni tu hilo la chini lina nafasi ya kupokea maji yanayoshuka umeme ukikatika, la sivyo yatamalizikia kwenye zulia.

MAJI NI KAZI

Watu huniuliza, "Si mpo Kigamboni, bahari hiyo hapo, mnanunua chumvi ya nini?" Maji ya bahari safi yanafaa, ni kweli. Shida ni kuyapata safi karibu na jiji. Mvua za masika zikipiga, Mto Msimbazi unamwaga baharini kila ulichokibeba kutoka mjini, na chumvi ya maji ya ufukweni inashuka. Samaki wa bahari kuu anaweza kuondoka akaenda kwenye maji mazuri. Wa kwenye tangi ataenda wapi?

Sisi tunatengeneza wenyewe. Maji yanapita kwenye mtambo wa kuchuja mpaka yanabaki maji matupu, kisha tunachanganya chumvi maalumu ya matangi ya bahari. Chumvi ya jikoni haifai, kwa sababu haina kalisi, magnesi na madini mengine ambayo matumbawe huyatumia kujenga mifupa yao. Lengo ni kama gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, na hupimwa kwa kifaa kidogo kinachoitwa refraktomita. Kulijaza tangi mara ya kwanza kulimaliza kilo 20 na ushee za chumvi.

Halafu kumbukeni jambo hili: maji hukauka, chumvi haikauki. Mkiona maji yamepungua, ongezeni maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Mkiongeza ya chumvi kila siku, mtakuwa mnawakausha samaki kama ng'onda.

JOTO LETU NA UMEME WETU

Vitabu vya Ulaya hueleza sana jinsi ya kupasha maji moto. Kwa Dar es Salaam mambo ni kinyume, kazi yetu ni kuyapoza. Matumbawe hupenda nyuzi 24 hadi 27, na sebule iliyofungwa mwezi wa Februari inavuka hapo kirahisi. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia, lakini hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo haifui dafu kama kwenye nchi kavu. Mashine ya kupoza ni ghali na inakula umeme, ila ndiyo inayolinda kila kitu.

Umeme ukikatika, adui wa kwanza ni kukosa hewa. Joto huja baadaye. Maji yakisimama, oksijeni inakwisha upesi. Ndiyo maana betri na inveta vilikuwa kwenye bajeti yetu tangu siku ya kwanza, navyo huendesha pampu za kuzungusha maji tu. Taa zinaweza kusubiri.

MIEZI MITATU YA TANGI TUPU

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Tangi jipya haliwekwi samaki siku hiyo hiyo. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha kwenye mawe na mchanga. Vipimo vya amonia na nitriti vikisoma sifuri, ndipo tangi liko hai.

Sisi tuliongeza sharti letu: miezi mitatu bila samaki hata mmoja. Mume wangu alinuna kidogo, mpenzi wa samaki yule. Nikamwambia, "Tukishindwa kuyatunza maji matupu, tutatunza roho?" Kila Jumamosi tulibadilisha asilimia 10 ya maji, kama ndoo tatu na ushee za lita 20. Zamu yake, zamu yangu. Kila kipimo tuliandika kwenye daftari: joto, chumvi, nitrati, kalisi. Wageni wanakuja, wanakuta mawe na mwani wa kahawia uliotapakaa kila mahali, wanatazamana. Mwani huo ni wa kawaida kwenye tangi jipya na hupita.

Miezi hiyo tuligundua mengi. Yeye ni hodari wa mitambo lakini hasomi daftari. Mimi nasoma daftari lakini nilikuwa naogopa nyaya. Tukafundishana. Kama mmoja wenu ataacha zamu zake kabla hata ya samaki kuingia, mtakuwa mmejua mapema, na hakuna aliyekufa.

Faida yake niliiona mwaka uliofuata, kazi ilipompeleka mume wangu Dodoma kwa miezi mitano. Usiku mmoja umeme ukakatika saa nane. Nikaamka, nikachomoa mashine ya kupoza na taa, nikahakikisha pampu ziko kwenye betri, nikafungua madirisha, nikakaa kwenye kochi na tochi nikiangalia kipimajoto. Nyuzi 26, ikawa 27, ikapanda kidogo tena. Umeme ulirudi asubuhi saa mbili na samaki wote wakaja mbele ya kioo kudai chakula. Nilimtumia mwenzangu picha tu. Akapiga simu akakaa kimya kwanza, kisha akasema, "Asante, mama." Nyie acheni. Maua ya Valentine hayajawahi kunigusa hivyo.

WENYE NYUMBA WANAINGIA

Anzeni na konokono wanaokula mwani. Kisha jozi ya samaki wale wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, waliopata umaarufu kwenye filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Hao huzalishwa kwenye matangi, kwa hiyo si lazima wavuliwe baharini. Na wana kisa: wote huanza maisha wakiwa madume. Mkubwa kuliko wote hugeuka jike na ndiye anayetawala, na akifa, dume wake hugeuka jike achukue nafasi. Mume wangu hapendi nikisimulia hili mbele ya wageni.

Kila samaki mpya akae kwanza kwenye tangi dogo la peke yake kwa wiki nne au zaidi, maana ugonjwa wa madoa meupe ukiingia kwenye tangi kubwa ni balaa. Kangaja awe wa mwisho, naye anahitaji tangi refu la kuogelea. Matumbawe laini yanaweza kuanza miezi michache baada ya maji kutulia, yale magumu subirini karibu mwaka. Vaeni glavu mnapoyashika, na msichemshe kamwe mawe ya tangi kuyasafisha. Baadhi ya matumbawe laini yana palitoksini, sumu kali sana, na mvuke wake umeshawahi kuwalaza watu hospitalini.

Na chakula kiwe kidogo. Sisi humfungashia dada wa kazi vipakiti vya siku moja moja tukisafiri, asije akawahurumia samaki akamwaga kopo zima. Mama mkwe naye alipokuja mara ya kwanza aliwatazama weee, kisha akauliza, "Hawa mnawala lini?"

BAHARI IBAKI NA VYAKE

Naomba hili mlishike. Msiende Mbudya au Bongoyo mkavunja tumbawe mkaficha kwenye kikapu cha pikiniki. Visiwa hivyo ni hifadhi za bahari na ni kosa kisheria. Tumbawe ni mnyama, na yale makubwa ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo la ukubwa wa mpira lina umri wa kuwazidi watoto wenu. Mwaka 1998, joto la bahari lililoandamana na El Niño lilipausha na kuua matumbawe mengi katika pwani yetu, na joto limerudi tena na tena tangu hapo. Hayahitaji na sisi tuyaongezee maumivu.

Nunueni vipande vilivyooteshwa kwenye matangi, kwa muuzaji mwenye karatasi zake. Matumbawe magumu yote yako chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na hayavuki mpaka bila kibali. Muuzaji akianza longolongo ukimuuliza kibali, ondokeni.

Basi, mkitoka hapo, kaeni chini nyie wawili, zimeni simu, chukueni karatasi. Andikeni gharama zote, andikeni na zamu za Jumamosi kwa miezi mitatu ya maji matupu. Kila mtu aweke sahihi yake. Mkiimaliza miezi hiyo bila kutegeana, nendeni mkamchague samaki wenu wa kwanza mkiwa wote wawili.