Dawa mbili, wenye mali wawili

Agosti 2021 kampuni ya Roche ya Uswisi ilikubali kuachia idhini ya kuuza dawa yake Tecentriq kwa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya matiti nchini Marekani. Idhini hiyo ya Machi 2019 ilikuwa ya kwanza kuingiza tiba ya kuamsha kinga ya mwili katika saratani ya matiti. Ilikuwa na sharti moja: Tecentriq itolewe pamoja na Abraxane, tibakemikali inayobebwa na chembechembe za nano. Abraxane haikuwa mali ya Roche.

Kiini cha Abraxane ni paklitaxeli, dawa ya zamani isiyoyeyuka katika maji. Kwa miaka mingi iliyeyushwa kwa kimiminika kinachotokana na mafuta ya nyonyo, ambacho huwaletea baadhi ya wagonjwa mzio mkali. Kwa hiyo mgonjwa huanza kupewa steroidi, kisha hutundikiwa dripu kwa takriban saa tatu. Abraxane huishikiza paklitaxeli kwenye albumini, protini ya damu, katika chembe zenye upana wa nanomita 130 hivi. Muuguzi huchukua kichupa cha unga cha miligramu 100, huongeza mililita 20 za maji ya chumvi, hupata kimiminika cheupe kama maziwa, na dripu humalizika kwa nusu saa. Kwa kawaida steroidi hazihitajiki.

Ubunifu huo ulilipa. Dawa iliidhinishwa Marekani mwaka 2005 chini ya Patrick Soon-Shiong, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini. Mwaka 2010 Celgene iliinunua kampuni yake, Abraxis, kwa takriban dola bilioni 2.9, na mwaka 2019 Celgene yenyewe ikamezwa na Bristol Myers Squibb kwa bilioni 74. Wakati huo Abraxane ilikuwa ikiingiza zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka.

Kuziunganisha dawa hizi kulikuwa na mantiki. Tibakemikali huua seli za saratani na kuzianika mbele ya kinga ya mwili. Tecentriq nayo huifungulia kinga breki iitwayo PD-L1, ambayo uvimbe huitumia kujihami. Steroidi huzubaisha kinga, hivyo dawa isiyozihitaji ilionekana kufaa zaidi. Katika jaribio la IMpassion130, lililohusisha wagonjwa 902, wale ambao uvimbe wao ulikuwa na alama ya PD-L1 walikaa miezi 7.5 bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya miezi 5.0 kwa waliopewa Abraxane peke yake.

Kisha IMpassion131, lililotumia paklitaxeli ya kawaida, likashindwa. Septemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya madaktari wasiibadilishe Abraxane kwa paklitaxeli ya kawaida katika tiba hiyo. Wengi walizinyooshea kidole steroidi, ingawa hilo halikuthibitishwa.

Kibiashara, Roche ilikuwa imejifunga kwa mshindani: Bristol, mmiliki mpya wa Abraxane, inauza Opdivo, dawa inayogombea soko na Tecentriq. Merck ya Marekani ilicheza tofauti. Jaribio la Keytruda, dawa yake ya kuamsha kinga, lilimwachia daktari achague mojawapo ya tibakemikali tatu, Abraxane ikiwemo. Julai 2021 Keytruda ilipata idhini kamili kwa aina hiyo ya saratani ya matiti. Mwezi uliofuata Roche ikafungasha virago.

Tangu hapo thamani imehama. Mwaka 2022 Teva ilianza kuuza toleo jeneriki la Abraxane nchini Marekani, na chombo cha kubebea dawa kikaingia kwenye ushindani wa bei. Keytruda, ambayo hataza zake kuu za Marekani zinatarajiwa kuisha 2028, iliingiza dola bilioni 29.5 mwaka 2024.

Kwetu hesabu hii inakaribia. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilipanua nafasi ya dawa iliyomo ndani ya Keytruda katika orodha yake ya dawa muhimu, ikiwemo kwa saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kwa saratani hiyo pia, dawa hii mara nyingi hutolewa pamoja na tibakemikali. Mnunuzi wa serikali anayeketi mezani na muuzaji mmoja ajadili gharama ya tiba nzima, na aulize mapema ni nani mwenye nusu ya pili.