Ushahidi Utanguliao Picha

Fuvu la mwanadamu ni kasha la mfupa lisilojua kutanuka. Na neema hiyo, iliyoumbwa kuuhifadhi ubongo, hugeuka nakama siku mshipa upasukapo ndani yake, kwa kuwa damu ivujayo, isipopata pa kutokea, huusonga ubongo kidogo kidogo hata ikaulemea. Ndipo hutokea lile jambo liwashangazalo watu: mtu ameanguka na pikipiki, akazimia kitambo, kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akasema hana neno, akaenda zake kulala; na ilipofika alfajiri akaitwa asiitike. Matabibu wanakijua kipindi hicho cha nafuu ya udanganyifu, ambacho aghalabu hutokana na kupasuka kwa mshipa upitao chini ya mfupa mwembamba wa panja.

Zamani tabibu hakuwa na njia nyepesi ya kuyaona hayo, kwani eksirei ya kawaida ilimwonyesha mfupa uliovunjika, lakini ubongo wenyewe haikuudhihirisha. Mlango ulifunguka tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, alipopigwa picha mgonjwa wa kwanza kwa mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, ambayo walimwengu waliijua zaidi kwa santuri zake. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa ametangulia kuitafiti hisabati ya jambo hilo.

Mashine hiyo, ambayo leo twaiita sitiskani, huuzungusha mwali wa eksirei kandokando ya kichwa, na kompyuta ikavikusanya vipimo vyake na kukichora kichwa vipande vipande, mfano wa mkate uliokatwa slesi. Katika picha hiyo mfupa huwa mweupe, maji yauzungukayo ubongo meusi, na ubongo wenyewe wa kijivu. Damu mbichi nayo hung'aa kwa weupe, na umbo lake humjulisha tabibu ilikokaa: iliyo kati ya mfupa na utando wa nje hutuna kama punje ya dengu, na iliyo chini ya utando huo hujipinda kama hilali, nayo huwasibu sana wazee, ambao ubongo wao umesinyaa na kuvinyoosha vishipa vyake.

Walakini si kila aliyegonga kichwa apasaye kuingizwa humo, maana miale hiyo ina madhara yake ikizidi, hasa kwa watoto, na mashine moja yaweza kungojewa na wengi. Kwa ajili hiyo, mwaka 2001, Ian Stiell wa Ottawa na wenzake, baada ya kuwachunguza wagonjwa 3,121 katika hospitali 10 za Kanada, walitoa kanuni kwa watu wazima waliozimia, kusahau au kuchanganyikiwa baada ya kuumia, ilhali fahamu zao bado ni alama 13 hadi 15 kwa mizani ya Glasgow, ambayo ukomo wake ni 15. Miongoni mwa hao, apigwe picha ambaye saa mbili zimepita na fahamu hazijatimia. Ambaye fuvu lake lina dalili ya kuvunjika. Aliyetapika mara mbili au zaidi. Aliyefikia umri wa miaka 65. Aliyesahau mambo ya zaidi ya nusu saa kabla ya ajali. Au aliyegongwa na gari akitembea, aliyerushwa nje ya gari, au aliyeanguka kutoka juu ya meta moja au ngazi tano. Watoto, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na waliopata kifafa baada ya kuumia, hawamo katika kanuni hiyo. Hao hupimwa kwa hadhari nyingine.

Msomaji akiyatazama masharti hayo kwa makini, ataona kwamba mengi hayajulikani kwa mashine wala kwa tabibu mwenyewe, bali kwa yule aliyekuwapo: aliyemwona majeruhi akirushwa, akahesabu alivyotapika njiani, akamsikia akiuliza swali moja mara tatu. Basi umpelekaye ndugu yako katika idara ya dharura, usimwachie mlangoni ukaondoka. Kaa, useme uliyoyaona, kwani ushahidi wako ndio utakaomwongoza tabibu aamue kama picha ipigwe.