Rangi Mbili Si Jina la Dawa



Miezi ya Juni na Julai ni ya baridi kali kwetu Mbeya. Watoto wanakohoa usiku kucha. Siku ya gulio mzazi anapeleka viazi vyake sokoni Mwanjelwa. Akiisha kuuza, anaingia kwenye duka la dawa. Anasema: "Nipe rangi mbili sita. Mtoto ana kichomi." Analipa, anatia vidonge mfukoni, anapanda gari kurudi kijijini.

Mimi ni bwana shamba, si mganga. Lakini mzazi huyo alikuwa mimi mwenyewe.

Mwanangu alikuwa na miezi 7. Nilivifungua vidonge vile, nikagawa unga wake nusu nusu, nikautia kwenye uji. Siku ya kwanza nilidhani anapata nafuu. Usiku wa tatu alikataa ziwa la mama yake. Kila alipovuta pumzi, sehemu ya chini ya mbavu zake ilibonyea ndani. Tulimfikisha hospitali alfajiri. Nesi alimfunua kifua, akatazama saa yake, akahesabu. Pumzi 64 kwa dakika moja.

"Baba, umempa dawa gani?" akaniuliza.

"Rangi mbili," nikajibu.

"Rangi si jina la dawa, baba."

Sikuwa na la kusema. Kila mfuko wa mbolea ninaowapelekea wakulima nausoma jina na kipimo chake. Dawa ya mwanangu sikuisoma. Mtoto alitiwa oksijeni na kudungwa sindano kwa siku kadhaa. Alipona.

Hesabu pumzi kwanza

Kikohozi na mafua mara nyingi huletwa na virusi. Virusi havifi kwa amoksilini, wala septrini, wala rangi mbili yoyote. Mtoto huyo anahitaji kunyonya, kunywa na kukaa mahali pa joto. Nimonia ni jambo jingine. Hapo ugonjwa umeingia ndani ya mapafu, na mara nyingi unaletwa na bakteria. Dawa za kuua bakteria huitwa antibiotiki.

Utajuaje tofauti? Hesabu pumzi. Mtoto awe ametulia. Asiwe analia, asiwe ananyonya. Inua nguo kidogo tu, maana baridi ya kwetu unaijua. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu dakika nzima kwa saa au simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, kwa sababu pumzi za mtoto hazilingani.

Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi, anahema haraka. Mtoto wa mwaka 1 mpaka miaka 5, ni 40 au zaidi. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Kichanga ambaye hajatimiza miezi 2, akifikisha 60 au akikataa kunyonya, usingoje chochote. Mpeleke hospitali.

Na mtoto yeyote asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, au aliyelegea hata haamki vizuri, huyo si wa vidonge vya nyumbani. Huyo ni wa hospitali, hata kama ni usiku. Usimpeleke kukatwa kimeo. Kukata kimeo hakutibu mapafu, na kunaweza kumtoa damu nyingi.

Kwa nini septrini iliachwa?

Wazee wengi wanauliza hivi, na wana haki. Zamani septrini ilisaidia sana. Miaka ya 1980 huko Bagamoyo, wahudumu wa afya wa vijijini walipita nyumba kwa nyumba. Waliwafundisha wazazi dalili za nimonia, na watoto wagonjwa waliwapa septrini. Taarifa ya kazi hiyo ilitolewa mwaka 1986. Vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya robo.

Lakini wewe mfugaji unajua habari ya josho. Ukichanganya dawa hafifu, kupe dhaifu hufa. Kupe wenye nguvu hubaki, huzaa, na mwisho dawa ile haiwatishi tena. Bakteria ni hivyo hivyo. Septrini ilitumiwa miaka mingi, mahali pengi, nusu nusu kama nilivyofanya mimi. Bakteria wengi wa nimonia wakaizoea. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoweka amoksilini mbele kwa nimonia ya mtoto isiyo na dalili za hatari.

Amoksilini ya watoto ipo ya kidonge kinachoyeyuka katika maji kidogo kwenye kijiko. Hutolewa asubuhi na jioni, kwa siku 5. Idadi ya vidonge hutegemea uzito na umri, kwa hiyo usikopeshane dawa na jirani. Mtoto akichangamka siku ya pili, endelea mpaka siku ya tano. Siku ya tatu mrudishe akaangaliwe. Akizidiwa kabla ya hapo, mrudishe mara moja.

Ukifika zahanati, sema kila dawa uliyokwisha kumpa. Usione haya. Kama anameza septrini kila siku kwa kinga kwa sababu ya virusi vya UKIMWI, sema pia. Kama penisilini iliwahi kumletea vipele au kumvimbisha uso, lazima useme, maana amoksilini ni ya ukoo huo. Chukua na kadi yake ya kliniki. Tangu mwaka 2013 watoto wetu wanachanjwa dhidi ya bakteria mkubwa wa nimonia, na mganga atataka kuona kama wako alikamilisha.

Jambo la mwisho nimeliona kwa macho yangu katika ziara zangu za mifugo. Chupa ya dawa ya sindano ya ng'ombe imewekwa kabatini pamoja na dawa za watoto. Iondoe leo.